Kumtafutia mtoto dawa ya ADHD inayomfaa: mwongozo kwa wazazi wa Dodoma na kanda ya kati

Mtoto akishathibitishwa kuwa na ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia jambo, wazazi wengi hutoka katika chumba cha daktari wakiwa na swali moja: dawa ipi iliyo bora? Swali hilo halina jibu la jumla. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuonyesha mapema kwamba mtoto huyu atafaa kwa dawa hii na yule kwa ile, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Dawa inayomfaa mtoto hupatikana kwa kuanza na kiasi kidogo, kupima matokeo, kuongeza na kupima tena, mpaka faida ionekane wazi bila kumletea mtoto adha isiyovumilika.

Utafiti mkubwa uliofanyika Amerika ya Kaskazini, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1999, uliwafuata watoto 579 wenye umri wa miaka 7 hadi 9 kwa muda wa miezi 14. Waliopandishiwa dozi kwa uangalifu na kuonwa kila mwezi walipata nafuu kubwa kuliko wale waliotibiwa katika vituo vya kawaida vya maeneo yao, ingawa takribani theluthi mbili ya hao wa pili nao walikuwa wakimeza dawa. Tofauti kubwa ilikuwa katika namna dawa ilivyopangwa na kufuatiliwa, na sehemu kubwa ya ufuatiliaji huo iko mikononi mwa mzazi, awe anakaa Area D au Kibaigwa. Viwango vya dozi vinavyotajwa humu vimewekwa ili mzazi aelewe anachoambiwa na daktari. Si vya kujipimia dawa nyumbani.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza mambo yanayofanana na ADHD

Utambuzi sahihi hudai kwamba dalili zimedumu angalau miezi sita, zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mtoto anayesumbua darasani tu, akifika nyumbani akatulia na kazi zake, huenda ana tatizo la darasani. Huenda hasikii vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, haoni ubaoni, au amekaa nyuma katika darasa lenye msongamano. Omba apimwe masikio, macho na wingi wa damu. Mwambie daktari pia kama anakoroma sana usiku, kwa kuwa mtoto asiyelala vizuri huwa mtukutu mchana, au kama kuna nyakati anaduwaa kwa sekunde chache bila kuitika, kwa sababu hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa.

Jambo moja linastahili kukaziwa katika mikoa yetu, ambako watoto wengi wamepitia degedege au malaria kali. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayotolewa katika vituo vingi, inaweza yenyewe kumfanya mtoto awe na utundu uliopitiliza na hasira za haraka. Kama mtoto wako anaitumia, mweleze daktari tarehe iliyoanza na tarehe ambayo utundu ulianza kuonekana. Huenda kinachohitajika ni kubadilishiwa dawa ya kifafa, si kuongezewa dawa ya pili. Usiiache mwenyewe, kwa maana kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo.

Kuhusu umri, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu dawa za ADHD kwa watoto walio chini ya miaka 6. Kwa hao, tiba ya kwanza ni mafunzo kwa wazazi na walimu juu ya namna ya kumwelekeza mtoto: maagizo mafupi, moja kwa wakati, sifa ya papo hapo anapofanya vizuri, na ratiba isiyobadilika. Mafunzo hayo huendelea hata baada ya dawa kuanza, kwa sababu kidonge humwongezea mtoto uwezo wa kutulia na kusikiliza, lakini hakimfundishi la kufanya na utulivu huo.

Hatua ya 2: Mfikie mtaalamu anayestahili kuandika dawa hizi

Dawa za ADHD huanzishwa na daktari bingwa wa afya ya akili, au daktari bingwa wa watoto mwenye uzoefu wa matatizo haya. Wakazi wa Dodoma wana bahati ya kuwa karibu na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Anayetoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni aanze hospitali ya wilaya na kuomba barua ya rufaa, ambayo mara nyingi ndiyo itakayohitajika pia na bima. Muhimbili ni hatua inayofuata pale inaposhindikana huku, na kwa treni ya SGR safari hiyo sasa ni ya saa chache.

Najua jina la Mirembe linavyotumika mitaani, na najua kuna wazazi ambao wangekubali kusafiri hadi Dar es Salaam kuliko kuonekana na mtoto katika lango lile. Aibu hiyo inagharimu nauli na inamgharimu mtoto muda. Kliniki ya nje ni kliniki kama nyingine. Mtoto huonwa, huandikiwa dawa, na hurudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Hatua ya 3: Apimwe kabla ya kidonge cha kwanza

Vinatakiwa vipimo vinne: uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo. Viandikwe, kwa sababu bila namba za mwanzo hakuna atakayejua baadaye kama dawa imemkondesha mtoto au imempandisha presha. Daktari asikilize moyo kwa makini. Mweleze kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, kama huchoka upesi kuliko wenzake au kulalamika maumivu ya kifua, au kama katika ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Homa ya baridi yabisi, inayoharibu milango ya moyo, bado inawapata watoto wa Tanzania, na mtoto mwenye dalili kama hizo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuanza. Asiye na dalili wala historia ya aina hiyo kwa kawaida hahitaji kipimo hicho, na mzazi asikubali gharama yake bila kuelezwa sababu.

Hatua ya 4: Andika mambo matatu unayotaka yabadilike

Hatua hii hurukwa mara nyingi kuliko zote. Mzazi anayerudi kliniki na kusema "anaendelea vizuri kidogo" hampi daktari kitu cha kufanyia uamuzi. Chukua daftari, uandike mambo matatu yanayoonekana kwa macho na yanayoweza kuhesabika, kwa mfano: anamaliza hesabu ngapi kati ya kumi anazopewa, anasimama mara ngapi wakati wa chakula cha jioni, anagombana na wenzake mara ngapi kwa wiki. Andika hali ilivyo kwa wiki moja kabla ya dawa. Kisha mwombe mwalimu wa darasa afanye hivyo kwa mambo mawili, akiweka alama ya 0 hadi 3 kila Ijumaa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hataandika ripoti ndefu, lakini namba mbili kwa wiki anaweza, hasa ukimwendea kwa heshima na kumweleza kwamba yeye ndiye anayemwona mtoto saa ambazo dawa inafanya kazi.

Kwa sababu hiyohiyo, usianze dawa wiki mbili kabla ya likizo ya Desemba. Utakosa taarifa ya shule na utabaki unakisia mpaka Januari.

Hatua ya 5: Zifahamu dawa zenyewe

Kundi la kwanza ni la dawa zinazochangamsha sehemu za ubongo zinazosimamia umakini. Inayotangulia kwa watoto ni methilfenideti, inayojulikana kwa majina ya biashara kama Ritalin na Concerta. Inashangaza wazazi kwamba dawa ya kuchangamsha hutolewa kwa mtoto ambaye tayari hatulii, lakini kinachochangamshwa ni breki za ubongo. Takribani watoto saba kati ya kumi hupata nafuu. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na hudumu saa tatu hadi nne, kwa hiyo mtoto anayemeza saa 1 asubuhi atakuwa amebakiwa na nguvu ndogo ya dawa ifikapo saa 5, na dozi ya pili itahitajika akiwa shuleni. Vipo vidonge vya kuyeyuka polepole vinavyodumu kwa muda wa saa 8 hadi 12. Hivyo humezwa vizima, bila kutafunwa wala kupondwa, kwani ukikiponda unampa mtoto dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Lisdeksamfetamini ni ya kundi hilohilo, na katika nchi zilizo nayo hufuata pale methilfenideti iliyotumika kwa dozi ya kutosha kwa wiki sita inaposhindwa.

Kundi la pili si la kuchangamsha. Atomoksetini humezwa mara moja kwa siku na hufanya kazi mchana na usiku, jambo linaloondoa tatizo la dozi ya shuleni. Dozi yake hufuata uzito: mtoto wa kilo 20 kwa kawaida huanza na miligramu 10 kwa siku, kisha baada ya angalau wiki moja hupandishwa kufikia karibu 25. Kapsuli yake haifunguliwi, maana unga wake huwasha macho. Inataka subira, kwa kuwa nafuu huanza kuonekana wiki ya nne hadi ya sita na wakati mwingine huchelewa mpaka ya kumi na mbili. Wazazi wengi huiacha wiki ya pili wakidhani imeshindwa, ilhali haijaanza.

Klonidini na guanfasini zilitokana na dawa za kushusha presha. Husaidia zaidi mtoto mwenye utundu mwingi, kutetemeka kwa misuli usoni au shida ya usingizi, lakini huleta usingizi mchana na kizunguzungu, hasa kwa mtoto asiyekunywa maji ya kutosha katika jua letu la Oktoba na Novemba. Kamwe zisikatishwe ghafla, kwa sababu presha inaweza kuruka juu. Imipramini, dawa ya zamani ya sonona, bado huandikwa mahali ambapo nyingine hazipo. Inaweza kusaidia, lakini huathiri mwendo wa moyo na huua mtoto akimeza vingi kwa bahati mbaya, hivyo omba kipimo cha umeme wa moyo na uifungie kabatini.

Ukiandikiwa haloperidoli, kloropromazini au dayazepamu kwa ajili ya ADHD peke yake, uliza kwa upole zinatibu nini. Zinaweza kumlegeza mtoto asisumbue watu, lakini si tiba ya umakini. Mwombe daktari aandike jina la kila dawa katika daftari lako kama linavyosomeka kwenye boksi, ili usibahatishe mbele ya mfamasia.

Hatua ya 6: Hakikisha dawa itapatikana mwezi ujao na unaofuata

Dawa nzuri ambayo itakosekana baada ya wiki tatu haimfai mtoto wako, hata kama vitabu vyote vinaisifu. Methilfenideti imo katika jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo huuzwa kwa cheti cha daktari chini ya udhibiti mkali. Usitegemee kuikuta katika duka la dawa muhimu la mtaani, na ukiikuta huko bila kuulizwa cheti, iogope. Kabla ya kukubali mpango wa tiba, mwulize mfamasia wa hospitali maswali haya: Je, dawa ipo sasa? Je, itakuwepo kwa miezi mitatu ijayo? Je, imo katika orodha ya dawa zinazolipiwa na bima yangu, na kama haimo, mwezi mmoja ni shilingi ngapi? Majibu yakiwa na mashaka, rudi kwa daktari siku hiyohiyo mzungumzie dawa nyingine inayopatikana.

Usimtume ndugu aliyeko Nairobi au Ulaya akutumie vidonge kwa basi au ndani ya sanduku la nguo. Kuingiza nchini dawa zilizo chini ya udhibiti kunahitaji kibali, na sheria ya dawa za kulevya haiulizi kama mlengwa alikuwa mtoto mgonjwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi hapa Dodoma; nenda na barua ya daktari uulize utaratibu.

Hatua ya 7: Anza kidogo, panda polepole, pima kila wiki

Methilfenideti ya kawaida kwa mtoto wa miaka 6 na zaidi huanza na miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku, na daktari huongeza miligramu 5 hadi 10 kila wiki akitazama daftari lako. Toa dozi ya kwanza Jumamosi asubuhi, siku ambayo uko nyumbani na unaweza kumtazama, kisha endelea wiki nzima bila kuruka. Badilisha jambo moja tu kwa wakati. Ukiongeza dozi, ukamhamisha shule na ukaanza kumpa dawa za mitishamba katika wiki moja, hutajua kilichosaidia wala kilichodhuru. Kama dozi ya pili inaangukia shuleni, kabidhi dawa kwa mwalimu mmoja anayefahamika, si kwa mtoto, tena kwa idadi inayotosha wiki moja.

Sasa nikae kidogo kwenye neno "ametulia", kwa sababu limewapotosha wengi. Mzazi akisema ametulia, na mwalimu akasema ametulia, bado hujajua kama dawa inafaa. Mtoto aliyepata dozi yake hucheza, hucheka, huuliza maswali na hutania wenzake kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa anaweza kumaliza alichoanza. Mtoto aliyezidishiwa huduwaa, hukaa pembeni wakati wa mapumziko, hukodolea kitu kimoja, au hulia bila sababu. Darasa lililojaa linaweza kumshukuru Mungu kwa mtoto wa namna hiyo, lakini kama mambo yako matatu hayajabadilika na mtoto amepoteza uchangamfu, dozi imepita kiasi na inapaswa kushushwa. Kinyume chake, kama mtoto yuko vizuri mpaka saa 5 asubuhi halafu anaharibikiwa, tatizo huenda si ukubwa wa dozi bali muda wake. Hasira za jioni, saa ambayo dawa inatoka mwilini, nazo zina tiba yake, ambayo mara nyingi ni kurekebisha saa za kumeza.

Hatua ya 8: Yakabili maudhi madogo madogo, yatambue makubwa

Linalowapata wengi kwa methilfenideti ni kupungua kwa hamu ya kula, hasa mchana. Mpe uji mzito wenye karanga na maziwa kabla ya kidonge cha asubuhi, usimlazimishe mchana, kisha mpe chakula kikubwa usiku wakati dawa imekwisha nguvu. Ugali wa uwele na mboga yenye karanga vitafidia mengi. Usingizi ukikimbia, dozi ya mwisho isivuke alasiri, na chai ya rangi ya jioni iachwe. Maumivu ya kichwa na tumbo hupungua yenyewe baada ya wiki moja au mbili kwa watoto wengi. Mtoto aliyefikia umri wa kufunga Ramadhani azungumziwe na daktari mapema, kwani ratiba ya dawa, chakula na maji itabadilika yote.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo akizimia, akilalamika kifua, moyo ukimwenda mbio bila kukimbia, akiona au kusikia visivyokuwepo, au akipata degedege. Kwa atomoksetini, ongeza macho kuwa ya njano, mkojo mweusi, na maneno yoyote ya kutaka kufa au kujiumiza. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa utani wa kitoto.

Mtoto akiugua malaria, mwambie mhudumu wa zahanati anatumia dawa gani. Dawa ya mseto, ALu, inaweza kupunguza kasi ambayo ini huvunja atomoksetini na imipramini, na kwa imipramini hatari yake ni ya moyo. Malaria itibiwe bila kuchelewa, ila kwa ushauri wa daktari juu ya dawa ya ADHD katika siku hizo.

Hatua ya 9: Jua wakati wa kubadilisha, na wakati wa kujaribu kuacha

Dawa ihesabiwe kuwa imeshindwa pale tu ilipofikishwa katika dozi ya kutosha, ikamezwa kila siku, kwa muda unaostahili dawa hiyo, na mambo yako matatu yakabaki palepale. Au pale adha yake inapoendelea kuzidi faida hata baada ya dozi kushushwa. Dawa iliyorukwa nusu ya siku haijajaribiwa. Kushindwa kwa moja hakumaanishi kwamba nyingine itashindwa.

Dozi ikishatulia, mtoto wa miaka 10 au chini apimwe uzito kila miezi mitatu. Urefu, presha na mapigo ya moyo vipimwe kila miezi sita, na presha na mapigo pia kila dozi inapobadilishwa. Mzani wa zahanati ya karibu unatosha, mradi namba ziingie daftarini. Vidonge vikae mahali pakavu, mbali na mabati yanayochemka mchana na mbali na mikono ya wadogo zake.

Angalau mara moja kwa mwaka, kaa na daktari mjadili kama dawa bado inahitajika. Njia ya kujua ni kuipumzisha au kuipunguza kwa kipindi kifupi chini ya usimamizi wake, wakati shule imefunguliwa na hakuna mtihani, huku mwalimu akiendelea kutoa alama zake za Ijumaa bila kuambiwa ni wiki ipi dawa ilisimamishwa. Alama zikibaki nzuri, daktari ataamua namna ya kuiondoa taratibu. Zikirudi zilipokuwa kabla ya dawa, mtoto anarudishiwa dozi yake na mjadala unasogezwa mwaka unaofuata.